Mwenyekiti akihama kikundi kinakufa, kwa nini? Wakulima wa Mombasa tuongee uongozi

bintimwakirunge

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni mkulima, niko huku Mwakirunge upande wa Kisauni. Wale mnaodhani Mombasa ni bandari na hoteli tu mjue huku nyuma kuna watu wanalima mahindi, muhogo na mchicha na bado ni kaunti hii hii. Humu nimezoea kuuliza mambo ya mbegu na viwavi lakini leo nina jambo lengine limenikaa moyoni siku nyingi, nalo ni vile tunavyofunzwa kilimo na hatufunzwi kuongoza.

Niwape kisa chetu. Kikundi cha kwanza tulikuwa watu 27. Ulikuja mradi mmoja, tukaitwa chini ya mwembe, tukaambiwa chagueni viongozi saa hii hii manake fomu zinatakikana ofisini saa nane. Tukamchagua yule aliyekuwa anaongea Kizungu vizuri mbele ya wageni. Mtu mzuri wallahi, simsemi kwa ubaya. Basi kila semina akaenda yeye, kila karatasi akatia sahihi yeye, afisa akitaka kuja anampigia yeye. Pampu ya maji ilipoletwa ikalala kwake kwa sababu kwake ndiko kulikuwa na mlango wa chuma. Tukaenda hivyo miaka miwili na mambo yakaonekana mazuri tu, mchicha unatoka, wageni wanapiga picha. Halafu akapata kazi Taita, akahama na jamaa zake, nyumba ikafungwa kufuli na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu kwa hiyo hafungui. Hapo ndipo tukajua hatujui kitu. Stakabadhi za pampu hatuna. Akaunti ya benki hatujui hata tawi. Simu ya afisa hakuna memba aliyekuwa nayo. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi limepamba moto, na mchicha hauvumilii, ndani ya juma mbili vitanda vyote vimekuwa rangi ya majani ya chai. Nakumbuka nilikwenda na wenzangu wawili tukachungulia dirishani, tukaiona pampu pale sakafuni na mpira wake umezungushwa vizuri, kama alivyouacha mwenyewe, na sisi tuko nje na ndoo.

Nikajiuliza, miaka miwili yote ile ya semina nani alifunzwa? Mmoja. Na yule mmoja kaondoka nayo.

Sasa sikilizeni tofauti. Kikundi cha pili tulianza kwa njia ya shamba darasa. Wengi mnalijua, ule mtindo ulioanza Indonesia 1989 kwenye mashamba ya mpunga chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima walikuwa wanapiga madawa mpaka wadudu wazuri wanakufa na wabaya wanazidi, ikaonekana afadhali mkulima afunzwe kuangalia shamba lake mwenyewe aamue. Mnakutana siku moja kwa juma msimu mzima, hapo hapo shambani, mnajigawa makundi madogo ya watu watano watano, kila kundi linahesabu mimea 10, wadudu wangapi, mayai, majani yaliyotobolewa, udongo una unyevu ama hauna, halafu mnakaa kivulini mnachora mlichokiona kwenye karatasi kubwa na mmoja anasimama kuwaelezea wenzake. Na kila juma kundi jengine ndilo la zamu. La zamu linafungua kikao, linashika saa, linaita majina, linahakikisha jembe na panga zimerudi, na likizembea linaulizwa.

Kuna mama jirani yangu hajasoma, hata jina lake anaweka kidole. Juma la kwanza alikaa nyuma kabisa na leso kajifunika mpaka mdomoni. Zamu ilipofika kundi lao, wenzake wakamwambia leo ni wewe. Alisimama na ile karatasi inatetemeka mkononi mpaka sote tunaisikia. Alikuwa amechora mmea wa mahindi kwa makaa ya jikoni, si kwa kalamu, anasema kalamu inateleza, na mhindi wenyewe ulikuwa mhindi kweli, majani yanainama yanavyoinama, na kwenye moyo wa mhindi kamweka kiwavi na yale mavi yake yanayofanana na pumba za mbao. Akasema mimea 2 kati ya 10 imeumwa, tumeviponda kwa vidole, tumetia mchanga kwenye moyo, tutarudi kuhesabu juma lijalo. Basi. Akakaa.

Miezi miwili baadae alikuja kijana wa kuuza dawa na chupa zake, akaanza kutuambia hapa lazima mpige leo leo la sivyo hamvuni. Aliyesimama kumjibu ni mama huyo huyo. Akamshika mkono akampeleka mstarini akamwambia hesabu nami. Wakahesabu. Akamwonyesha na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula mayai, akamuuliza, dawa yako inawachagua hawa? Kijana akanyamaza. Nawaambia ndugu zangu pale nilifahamu uongozi ni nini, manake hakuna aliyemchagua kwa kura na sote tulimfuata.

Kwa hiyo swali langu kwa maafisa mlioko humu na kwa wakulima wa Likoni, Jomvu, Changamwe na hata jirani zetu wa Kilifi na Kwale: kwenu viongozi wanapatikana vipi? Na kwa nini pesa ya kufunza uongozi inaishia hotelini na mtu mmoja?

afisa_mstaafu

Binti, umenigusa. Nimefanya kazi ya ugani, yaani kuwafunza wakulima huko huko mashambani, zaidi ya miaka 30, Pwani na bara, kwa hiyo niruhusu niseme kirefu kidogo.

Hilo la mkulima mmoja wa afisa tulilileta sisi. Mimi niliajiriwa wakati wa ule mfumo wa mafunzo na ziara, Benki ya Dunia ndiyo iliyougharamia, hapa Kenya ulienda tangu 1983 mpaka 1998 kwa awamu mbili. Ulikuwa na nidhamu kubwa, sikatai. Kila juma mbili unapewa ujumbe, unaupeleka kwa wakulima uliowachagua, na hao ndio wanatakiwa wawapelekee wenzao. Karatasini unapendeza. Lakini niambie ukweli wako wewe ukiwa afisa kijana una baiskeli na ratiba na mkubwa wako anataka ripoti Ijumaa, utamchagua nani? Utamchagua mwenye shamba karibu na barabara, mwenye kiti cha kukukaribisha, mwenye kusoma. Nilimchagua huyo miaka yote. Na ujumbe ukaishia kwake, manake jirani yake maskini anasema yule ana ng'ombe na ana mbolea, mimi nitaiga nini pale? Gharama nayo ilikuwa kubwa, pesa za nje zilipokatika mfumo ukakatika.

2000 ikaja NALEP, mradi wa taifa wa ugani wa kilimo na mifugo, Waswidi wakasaidia, tukaanza kufanya kazi na vikundi vya wanaopenda jambo moja, wa kuku pamoja, wa embe pamoja. Ilikuwa afadhali sana. Halafu katiba ya 2010 ikakipeleka kilimo kaunti, kaunti zikaanza 2013, na ugani sasa ni kazi ya kaunti, taifa limebaki na sera.

Shida kubwa nawapa kwa hesabu. Kipimo kinachotajwa sana ni afisa 1 kwa wakulima 400. Nyaraka za serikali zenyewe zimekuwa zikitaja Kenya kupita 1 kwa 1,000. Afisa mmoja hawezi kumfikia kila mtu hata akiwa malaika. Kwa hiyo mkulima kumfunza mkulima mwenzake ndiyo njia iliyobaki, na mtu hamfunzi mwenzake kwa kujua mbegu peke yake, anafaa ajue kusimama, kusikiliza, kugawa kazi, kusuluhisha wakigombana. Hayo nilifunzwa mimi chuoni kwa juma moja tu miaka yote.

Shamba darasa zilipoingia Magharibi mwa Kenya kwenye miaka ya 1990 nilipelekwa kuziona. Kilichonishangaza ni kwamba waliohitimu msimu wa kwanza ndio walioendesha shule za msimu wa pili. Na utafiti uliotoka 2012 wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha waliofaidika zaidi ni wanawake na wale wasiosoma sana, kama mama wako wa makaa.

mchicha_mtongwe

Mimi niko Likoni huku Mtongwe. Nakubali mengi lakini hili la zamu zamu siliungi mkono hata kidogo. Kwetu treja, yaani mweka hazina, ni mmoja miaka 9 na haijapotea shilingi. Siku tulipojaribu kubadilisha sekretari kila miezi mitatu, daftari la kwanza lilipotea, la pili likamwagikiwa na chai, la tatu mtu kaandika madeni ya memba kwa penseli na watoto wakayafuta. Pesa inataka mtu mmoja anayejulikana na anayeogopa Mungu. Mkisema kila mtu awe kiongozi mwisho hakuna wa kuulizwa.

bintimwakirunge

Dada wa Mtongwe ahsante, hili ni zuri na naona sikulieleza sawa. Zamu ya juma ni ya kazi ya shambani na kikao. Treja hazunguki kila juma, hapana, hata sisi tuna mwenyekiti, katibu na treja, tumeandika kwenye katiba yetu wanakaa miaka miwili na mtu hapiti vipindi viwili. Ila benki sahihi ni tatu na zinatakikana mbili kutoa pesa. Na kila mwisho wa mwezi treja anasoma daftari kwa sauti kikaoni na yeyote anaruhusiwa kulishika kuliangalia, na kuna msaidizi wake anayekaa kando yake anajifunza, ili siku akiugua, Mungu aepushe, kuna mtu anajua.

Nami nikuulize kwa heshima, huyo treja wako wa miaka 9 akihamia Malindi kesho nani analijua daftari?

mchicha_mtongwe

Hapo umenikamata. Mtoto wake wa kike ndiye anayemsaidia kuandika. Na si memba.

kijana_jomvu

Wakubwa shikamooni. Mimi nina miaka 26, niko Jomvu, nafuga kuku na nina vitanda vya mkunde na mnavu nyuma ya nyumba ya shangazi. Nataka kuongea kwa niaba ya vijana manake mnasema uongozi na sisi hatuonekani.

Kikundini nilikuwa nikinyoosha mkono naambiwa keti kijana, wakubwa waongee kwanza. Nilikaa mwaka mzima. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya chanjo ya kuku tu. Afisa wetu, ni mwanamke, ndiye aliyeona. Hakunitetea kwa maneno, alichofanya alisema kikundi hiki kinauza bila kujua bei, nataka mtu mmoja aende soko la Kongowea mara mbili kwa juma saa kumi alfajiri malori yakiwa yanashusha, aandike bei za mboga aziweke kwa wasap ya kikundi kabla ya saa kumi na mbili, nani ataenda? Wazee wakaangaliana. Nikasema mimi. Nauli ikatolewa kikundini.

Mwezi wa kwanza niliandika tu fungu la mchicha kiasi gani, mkunde kiasi gani. Halafu nikaanza kuona vitu, kwa mfano mboga za bara zikichelewa njiani bei inaruka ile asubuhi, na mnavu hukosekana kabisa kabla ya mvua za mwaka kushika. Nikawaambia kikaoni tupande mnavu kidogo kidogo kwa kupishana juma mbili mbili tusitoe wote siku moja. Hakuna aliyeniambia keti. Saa hii mzee mmoja wa miaka 70 na kitu hunipigia simu kabla hajavuna.

Kwa hiyo mimi naona mtu apewe kazi ambayo wengine wanaihitaji, heshima itakuja nyuma yake. Cheo bila kazi ni kiti tu.

afisa_mstaafu

Kijana, huyo afisa wenu anajua kazi. Wengi wetu tungeandika kwenye ripoti "vijana washirikishwe" tukaenda zetu.

Na mbegu ya jambo hili hupandwa mapema zaidi. Wale wa umri wangu mnakumbuka 4K, zile klabu za kilimo shuleni, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ilikuja ikafifia, ikazinduliwa tena 2021. Ukoo wake ni 4-H, klabu za vijana za Marekani, ambako sheria ya Smith-Lever ya 1914 iliunganisha serikali, vyuo vikuu vya kilimo na kaunti katika kazi moja ya ugani. Kule mtoto wa 4-H anakuwa mwenyekiti wa klabu akiwa mdogo kabisa, anaendesha kikao chenye ajenda, anaweka rekodi za ndama wake, anasimama mbele ya watu kueleza. Akifika miaka 30 akachaguliwa kwenye bodi ya ushirika si mgeni wa kiti. Sisi tunamkuta mtu ana miaka 45 hajawahi kuongoza kikao hata kimoja halafu tunampa siku tatu za semina na begi lenye nembo.

Walimu mlio humu msiiache 4K iwe ya kumwagilia miti siku ya wageni. Wapeni watoto daftari la mauzo ya sukumawiki.

mama_likoni

Nimesoma yote nikasema leo lazima niandike. Kwetu memba ni 24, wanawake 20. Nadhani mnajua mwenyekiti ni nani. Ni mmoja katika wale wanne. Na si kwamba katukataza, ni sisi wenyewe tulimchagua, manake tulisema kwenda ofisini kwa niaba yetu wataheshimu mwanamume. Tulipokwenda kuandikishwa tukaambiwa mnahitaji watu wasiopungua 10, katiba na majina ya viongozi, tukajaza jina lake hata kabla hajafika.

Kinachotuzuia wanawake si woga peke yake. Vikao vilikuwa saa tatu asubuhi, saa ambayo niko sokoni ama nafua. Semina ni siku tatu za kulala nje, nani atanilelea wa miezi minane? Na ardhi ni ya mume ama ya tajiri ambaye hatujawahi kumuona, tunalima kwa kuachiliwa tu, sasa mradi ukisema kiongozi awe na shamba la mfano lenye hati, sisi sote tumekwisha toka.

Afisa wetu wa sasa alifanya mambo mawili tu. Kikao kikawa saa kumi alasiri baada ya swala, na mafunzo yakavunjwa, badala ya siku tatu hotelini ikawa jioni sita pale pale uwanjani, na watoto tukaja nao. Tulifunzwa kuendesha kikao kwa kuendesha kikao. Kwa mfano jioni moja ilikuwa ni kugombana. Kweli, alitupa kisa, memba amechukua dawa ya kikundi akapiga kwake na anakana, suluhisheni, mimi sisemi. Tulikaa mpaka magharibi. Alikuweko mama mmoja wa kuuza mahamri, mpole sana, ndiye aliyesema tusianze na nani kachukua, tuanze na chupa zilikuwa ngapi na nani alizihesabu mara ya mwisho. Sote kimya. Juma lililofuata ndiye tuliyemfanya katibu.

Uchaguzi wetu ni mwisho wa mwaka. Sitasema zaidi.

mkulima_nyali09

Naomba nipinge. Haya ni maneno mazuri ila uongozi hauliwi. Sisi tunataka mbegu, maji na soko. Miradi ikija na semina za uongozi najua wameshindwa kuleta maji. Mimi nalima peke yangu, sina mwenyekiti, na navuna.

bintimwakirunge

Kaka yangu sikukasirikii, na hilo la maji uko sawa kabisa, semina bila maji ni dharau. Lakini ngoja nikuonyeshe mbegu inavyokufikia.

Sote huku tunapenda muhogo wa kibandameno, mtamu, unachemka ukawa unga, nazi yake ukitia ni chakula cha mfalme. Shida yake hauhimili magonjwa. Unakaa shambani miezi tisa majani hayakuonyeshi makubwa, unang'oa, unakata, ndani una madoa ya kahawia makavu kama kizibo, unatupa nusu gunia. Ule ni michirizi kahawia, inabebwa na inzi weupe lakini zaidi tunaibeba wenyewe kwenye vijiti tunavyopeana. Watafiti wa Mtwapa wakatoa aina zinazovumilia, kama vile Shibe na Tajirika. Vizuri. Sasa muhogo si mahindi, huwendi dukani ukanunua pakiti. Vijiti ni mzigo, vinakauka, na mmea mmoja unakupa vichache. Kwa hiyo lazima watu wapande shamba mama, yaani la kuzalisha vijiti, walilinde, wang'oe ulioonyesha ugonjwa hata kama ni wa shemeji yao, wakate siku moja, wagawe kwa orodha, na aliyepewa vijiti 50 arudishe 100 msimu ujao wapewe wengine.

Kikundi chetu cha kwanza kilipewa vijiti hivyo. Viliishia mashamba matatu, la mwenyekiti na ya jamaa zake wawili, na baada ya misimu miwili vimechanganyika na kibandameno hakuna anayejua kipi ni kipi. Kikundi cha pili tumeshagawa mara tatu, daftari lipo, majina 41, na kuna mzee tulimkatalia kwa sababu alikuwa hajarudisha, na ni babangu mdogo. Aliyemkatalia ni yule mama wa makaa. Nilikuweko, alimwambia baba tutakuletea juma lile ukirudisha, na tutakuja kukusaidia kukata. Akarudisha.

Wewe unavuna peke yako na Mungu akuzidishie. Lakini vijiti vya Tajirika ulivyopanda, kama umepanda, kuna watu waliviongoza mpaka vikakufikia.

mkulima_nyali09

Nilipata kwa shemeji yangu Mtwapa. Nitamuuliza yeye alipata wapi. Na hilo shamba mama mtu wa nje anaruhusiwa kuja kuona?

bintimwakirunge

Njoo Alhamisi, tunaanza saa mbili asubuhi. Beba panga lako na ukija utaingia kundi moja utahesabu kama wengine, hakuna mgeni wa kukaa kitini.

afisa_mstaafu

Niongeze moja kwa maafisa vijana wanaosoma bila kuandika, najua mko. Shamba darasa lina mtihani wake, unafunga msimu na unaufungua nao. Unatundika jani lililoumwa, jani zima, mdudu rafiki ndani ya chupa, kila kimoja na maswali na visanduku vitatu vya kutia kura, mkulima anapita anatia kijikaratasi kwenye jibu lake, hahitaji kusoma sana. Mimi zile siku zangu za mwisho kazini nilianza kuongeza visanduku vya kikundi. Akaunti ina sahihi ngapi? Ufunguo wa stoo uko kwa nani? Afisa wenu simu yake nani anayo? Kikundi kimoja watu 28 walijibu ufunguo uko kwa watu watatu tofauti. Hapo nikajua pa kuanzia.

Na tafadhali msichague viongozi siku ya kwanza. Acheni kikundi kifanye kazi majuma sita saba na kamati ya muda. Watajuana. Anayefika kabla ya wengine ataonekana, anayesikiliza ataonekana, na anayependa posho pia ataonekana. Fomu ya ofisini itangoja, mimi nimewahi kuingojesha na sikufukuzwa.

kijana_jomvu

Mzee hivyo visanduku naviiba, kesho nawapelekea wenzangu.

mama_likoni

Na mimi. Nitaanza na swali la ufunguo.

mchicha_mtongwe

Nimeongea na treja wetu leo baada ya kusoma hapa. Nilidhani atakasirika. Amesema mwanangu nimechoka miaka yote naogopa kufa na daftari. Mwezi ujao memba wawili wataanza kukaa naye, na binti yake anajiandikisha awe memba. Bint Mwakirunge haya mambo yamekuwa makubwa lakini hukutuambia, ile pampu ilitoka?

bintimwakirunge

Ilitoka dada. Tulikwenda kwa chifu na mwenye nyumba, kila mmoja akatoa alichonacho, tukalipa kodi ya miezi ile mitatu ambayo hatukuilala, na yule mwenyekiti wetu wa zamani alipopigiwa simu alilia, alikuwa hajui kwamba hatukuwa na namba za mtu yeyote, yeye alidhani tunajua. Akatutumia stakabadhi kwa picha siku ile ile. Hakuiba kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ilikuwa pia kutujulisha sisi.

Sasa pampu inalala kwa kundi la zamu. Kuna daftari dogo limefungwa kwa kamba kwenye mpini, unaandika saa uliyoichukua, petroli iliyobaki, na kama plagi imesumbua. Yule mama huchora tone moja la petroli, ama nusu tone, na kila mtu anaelewa.

Leo iko kwangu, nimeifunika gunia kwa sababu ya umande. Wa kesho anakuja kuichukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo nawaaga, Alhamisi wanaokuja tuonane.